Mvi za Pikapu

Ijumaa, 7 Julai

Kikao cha madereva, chumba cha nyuma ya kanisa. Joto kali, feni mbovu, kahawa ya asubuhi ikinywewa alasiri. Ajenda moja tu: gari lipi litabeba sanamu ya Bikira wa Karmeli kwenye msafara wa tarehe 16, sikukuu yake na yetu sisi tunaoshika usukani. Nilidhani ni jambo la kupitisha na kwenda nyumbani. Bikira hupanda pikapu yangu. Amepanda tangu masharubu yangu yalipokuwa meusi. Hakuna aliyewahi kuuliza, kama vile hakuna anayeuliza jua litachomozea wapi.

Safari hii Ovidio Guarnizo aliuliza.

Ovidio ndiye mwenyekiti. Zamani alikuwa mwanafunzi wangu wa kemia. Nilimfelisha, na alistahili. Aliandika kwenye mtihani kwamba maji huchemka kwa sababu yamekasirika. Sasa ana malori ya kubebea mpunga na, tangu mwezi uliopita, pikapu mpya nyeusi ya milango minne. Alianza kwa heshima zote. Mchango wa Mwalimu hausahauliki, na kadhalika. Kisha akasema plastiki za gari langu zimekuwa kama magoti ya punda. Watu wakacheka. Doña Edelmira Tafur, kiongozi wa akina mama wanaomvisha Bikira, hakucheka. Aliinamisha kichwa, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nikawaeleza. Plastiki nyeusi ni plastiki iliyochanganywa na masizi. Jua la bonde hili huichokonoa juujuu, mwaka baada ya mwaka, mpaka inapata vishimo visivyoonekana kwa jicho. Vishimo hivyo hutawanya mwanga, na jicho huona kijivu. Weusi wenyewe haujaenda popote. Upo chini, umefunikwa tu. Nilikuwa ninakaribia sehemu nzuri, ile ya aina za miale, nilipoona watu wameanza kutafuta kofia zao.

Uamuzi: nina wiki moja. Ijumaa ijayo watakuja kulikagua gari. Lisipopendeza, Bikira atapanda la Ovidio.

Nilitoka nje nikalitazama. Bodi jeupe, safi, halina doa. Lakini bampa la mbele, bampa la nyuma, madigadi, wavu wa mbele, vikombe vya vioo vya pembeni, vyote rangi ya majivu ya jiko la jana. Mzee aliyevaa suti nzuri na viatu vya vumbi.

Ligia, mke wangu, amesema mpe Ovidio zamu, wewe upumzike. Nimemwambia sijachoka. Nadhani nililala kabla hajanijibu.

Jumamosi, 8 Julai

Mpango wa kwanza. Nimeutunga kitandani kwa utulivu. Ikiwa ugonjwa ni vishimo, dawa ni kuvijaza. Mafuta yoyote yatavijaza. Jikoni mna ndoo ya mafuta ya nguruwe, zawadi ya jirani yetu Don Crisanto, ambaye huoka nguruwe mzima aliyejazwa njegere na kuuza asubuhi za Jumapili. Mafuta mazuri, meupe kama theluji ya mlimani.

Nilipaka kwa kitambaa laini, duara ndogondogo. Ajabu! Weusi ukarudi mbele ya macho yangu. Nikamwita Ligia aje aone sayansi. Akaja, akatazama, akauliza kama hayo ni mafuta yake ya kukaangia. Nikamweleza kuhusu vishimo. Akauliza tena.

Mbwa wa kwanza alitoka kwa Crisanto. Bila shaka alitambua bidhaa za nyumbani kwao. Kufikia saa ya kahawa ya alasiri walikuwa wamekuja mbwa wa mtaa wote, wamejipanga kwa adabu ambayo sikuwahi kuipata darasani, wawili kila digadi. Mmoja mwenye mabaka hakuridhika na kulamba. Akang'ata kona ya bampa la nyuma, akaondoka nayo.

Palipobaki na mafuta pakapata mgeni mwingine. Malori ya mpunga yalipita yakielekea kinuni, yakatimua vumbi na makapi, na vyote vikanata. Pikapu ikaota manyoya.

Ligia aliketi kwenye kizingiti akicheka mpaka akashika mbavu. Nimeosha yote kwa sabuni ya vyombo. Majivu yamerudi. Kiuno kinauma.

Jumapili, 9 Julai

Mpango wa pili ni wa akili zaidi. Kuna njia mbili za kuonekana mrefu: kukua, au mwenzako ainame. Mimi umri wa kukua umepita.

Baada ya misa nilimkuta Ovidio uwanjani, ameegesha pikapu yake mpya kwenye kivuli cha miti. Ilikuwa nyeusi kweli, sitaki kudanganya. Nikaisifu. Kisha nikamwambia, kwa sauti ile ya mwalimu anayekupa siri ya mtihani, kwamba anaiharibu. Plastiki mpya ni kama tofali bichi, nikasema. Isipokaa juani haikomai. Ikikaa kivulini itakuwa kijivu kabla ya Krismasi, na atakuja kunililia.

Ni uongo mtupu. Ni kinyume kabisa cha ukweli. Nilingoja acheke.

Alivua kofia. Akanishukuru. Akasema laiti ningemfundisha hivi zile siku, angefaulu. Nikamwambia asingefaulu. Akaingia garini mara moja, akalitoa kivulini, akaliegesha katikati ya uwanja, jua utosini.

Nilisikia kitu kidogo kifuani nikirudi nyumbani. Huenda ni maharage.

Jumatatu, 10 Julai

Sikufikiria mbali. Nakubali, lakini hapa tu.

Kwanza, jua halichakazi plastiki kwa wiki moja. Huhitaji miaka. Nililijua hilo, ila nilitumaini Mungu angeharakisha. Pili, penye kivuli gari la Ovidio lilionekana nusu. Sasa limesimama mahali peupe mbele ya mlango wa kanisa, na kila anayepita analiona lote. Watoto wa shule wamepiga picha nalo. Mwuza maembe amehamishia toroli lake hapo ili aonekane kwenye picha. Padri Fabián mwenyewe alisimama akachungulia ndani, mikono nyuma, kama mtu anayetazama dirisha la keki wakati wa Kwaresima.

Nilipita na pikapu yangu. Mtu mmoja akaniuliza kwa upole kama nimepata ajali ya saruji.

Mpango wa tatu umenijia papo hapo, kwa uchungu. Tumekuwa tukifikiria vishimo. Tufikirie rangi.

Jumanne, 11 Julai

Rangi ya viatu. Nyeusi, ya mkebe, ile ya wanajeshi. Nilinunua mikebe yote iliyokuwa dukani. Mwenye duka akaniuliza nina viatu vingapi. Nikamwambia ni kwa ajili ya bampa. Akauliza linavaa namba ngapi.

Siku nzima nimepaka na kusugua kwa burashi. Kazi ya subira, na subira ninayo. Nimefundisha jedwali la elementi kwa watu waliokuwa wakitazama dirishani. Ilipofika jioni gari lilikuwa limerudia ujana. Nyeusi yenye kina. Nyeusi ya piano.

Ligia alitoka, akalizunguka, akasema kweli limependeza. Niliketi kwenye ngazi nikilitazama mpaka chakula kikapoa.

Jumatano, 12 Julai

Doña Edelmira alipita asubuhi. Alikuwa akitoka kwa dobi na joho la Bikira, lile jeupe refu la nyuzi za dhahabu, limepigwa pasi, amelilaza juu ya mikono yote miwili kama mtoto mchanga. Akasimama kuliangalia gari. Uso wake ukafunguka. Akasema, Mwalimu, sasa ndiyo hadhi. Akasema Ijumaa atanipigania mwenyewe.

Nilifurahi. Furaha ndiyo iliyoniponza. Nikampa mkono, na yeye, ili aupokee, akalitundika joho kwa muda mfupi tu juu ya kioo cha pembeni.

Rangi ya viatu haikauki kwenye plastiki. Haina mahali pa kuzama, tofauti na ngozi, ambayo ni kitu kilichowahi kuwa hai na kina vinyweleo. Nilianza kumweleza hayo. Alikuwa analitazama joho. Mgongoni, chini kidogo ya bega, palikuwa na kikombe cha kioo cha pembeni, kimechapwa vizuri sana, hadi skrubu zake.

Hakupiga kelele. Aliniambia tu, taratibu, "Don Anselmo, mimi nimelitunza joho hili tangu mama yangu afariki."

Aliniita Don Anselmo. Hapo ndipo nilipojua nimemuudhi. Mjini hapa wote huniita Mwalimu.

Ligia alilichukua bila kunitazama. Sabuni, ndimu, maji ya moto, kisha akalianika juani juu ya nyasi. Jua lilelile! Limenilia plastiki, lakini doa limelipauza nusu tu. Pamebaki kivuli cha kijivu. Edelmira amesema Bikira atasimama mgongo wake ukiwa kwenye maua.

Alasiri mvua. Fupi, ya jua likiwaka. Rangi yote imeteremka kwenye bodi jeupe kwa michirizi, kama mjane aliyejipaka wanja.

Alhamisi, 13 Julai

Nimeosha gari mpaka vidole vimekunjamana. Mwili unaniomba niache. Lakini kesho ndiyo ukaguzi, na jana kwenye mvua nilipata wazo la kweli, la kisayansi kabisa. Tatizo ni uso wa plastiki uliochimbika. Basi uyeyushwe kidogo, ulainike, ujisawazishe. Weusi uliofunikwa utajitokeza wenyewe. Kinachohitajika ni moto.

Don Crisanto ana bomba la gesi la kubabulia ngozi ya nguruwe. Aliniazima kwa sharti kwamba abaki atazame. Ligia pia akabaki, na ndoo ya maji. Wapita njia wakasimama.

Nilianza na kona ya kulia ya bampa la mbele. Moto ukapita juu juu, na pale ulipopita, kijivu kikafutika kama unavyofuta ubao. Weusi halisi! Wala si mafuta wala rangi. Weusi wake wenyewe, wa siku ya kwanza. Crisanto akatoa mluzi. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Nilikuwa nimeshinda. Naandika hili ili libaki mahali fulani: kwa muda wa nusu bampa, nilikuwa nimeshinda.

Nilifika kona ya kushoto. Wasikilizaji walikuwa wengi sasa, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu walikuwa wananitazama mimi. Nikaona ni vyema waelewe. Nikawageukia. Nikawaeleza kanuni kuu ya kazi hii, nayo ni kwamba moto usitulie mahali pamoja hata kidogo, kwa sababu plastiki hukaa ngumu, ngumu, ngumu, halafu ghafla haiko ngumu tena. Nikaeleza sababu. Nikatoa mfano wa jibini. Crisanto alikuwa amenyoosha kidole. Nilidhani ana swali. Nikamwambia maswali mwishoni.

Ligia akamwaga ndoo.

Upande wa kushoto wa bampa umelegea hadi karibu na tairi. Unaonekana kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Crisanto alichukua bomba lake, akanishika bega, akasema kwa nguruwe pia hutokea. Haitokei. Nimekula nguruwe wake kwa miaka yote hii.

Ijumaa, 14 Julai

Wamekuja. Wamezunguka gari, mikono mifukoni. Kona ya kulia nyeusi kama mpya. Katikati majivu. Kushoto janga. Nyuma alama ya meno ya mbwa. Mmoja akauliza kama ni gari moja au ni mkutano wa magari.

Kura haikuchukua muda. Ovidio ndiye aliyenitangazia, macho chini. Padri Fabián akanifariji, akasema Bikira hatazami mabampa. Nikamwambia basi na apande langu. Akakohoa, akasema kuna misa ya marehemu inamsubiri.

Sikuwaeleza kitu. Ligia amesema hilo ndilo lililomtisha.

Nitaandika jambo moja kisha nilale. Mwaka mzima mimi ni mzee anayeeleza mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Watu hunisikiliza wakitafuta funguo zao. Siku moja tu, tarehe 16 Julai, mji mzima hutembea nyuma yangu. Wenye mabasi, wenye malori, wenye pikipiki, wote wanakwenda kwa mwendo wangu, gia ya kwanza, na hakuna hata mmoja anayethubutu kunipita. Sasa siku hiyo ni ya Ovidio. Yeye bado ana umri wa kungoja. Mimi nina umri wa kutosha kutongoja.

Jumamosi, 15 Julai

Nimeamka na mpango. Mdogo, wa hekima, wa mtu aliyekubali. Sitambeba Bikira, sawa. Lakini kwenye msafara nitakaa mara tu nyuma yake, na pikapu yangu itakuwa imetengenea kiasi kwamba Ovidio ataniona kwenye kioo chake njia nzima.

Suluhisho lilikuwa rahisi siku zote. Plastiki zitoke. Zote. Zipigwe msasa, zipuliziwe rangi ya makopo, zirudishwe zikikauka. Nilianza mapema. Bampa la mbele, la nyuma, madigadi, wavu, vikombe vya vioo pamoja na vioo vyake. Nimezitundika kwenye kamba ya nguo ya Ligia, kati ya mashuka, na nikapulizia. Mashuka ya jirani pia yamepata kidogo.

Gari lililobaki halikuwa gari. Taa zilining'inia kwa nyaya. Mbele palionekana mifupa, feni, kutu ambayo sikujua ninayo. Mtu uliyemfahamu miaka yote, umemkuta bila meno.

Nilikuwa nimeketi nikiwapungia nzi wasiguse rangi mbichi, ndipo Ovidio akaingia uani na kofia mkononi. Jasho limeloanisha shati lote. Nyuma yake Edelmira, na nusu ya kamati.

"Mwalimu," akasema, "jukwaa limekataa."

Jukwaa la Bikira ni la chuma, zito. Lina miguu inayoingia kwenye matundu ya bodi la nyuma. Pikapu ya Ovidio ina milango minne. Viti vya nyuma vimekula nafasi ya mzigo. Bodi lake ni fupi. Wamejaribu tangu asubuhi. Wamelielekeza hivi, wameligeuza vile, wameshusha mlango wa nyuma. Likabaki limetokeza nje, linayumba. Mtu mmoja akashauri lifungwe kwa kamba, na Edelmira akamwambia Bikira si mzigo wa mianzi.

Nikamwuliza Ovidio kama alipima kabla.

"Sikupima, Mwalimu. Miaka yote lilikuwa linaingia tu kwako."

"Liliingia kwangu kwa sababu lilichomelewa kwa vipimo vya pikapu hii hii."

"Kwa nini hukutuambia?"

Wiki nzima nimepaka, nimesugua, nimechoma, nimedanganya. Muda wote huo lile jukwaa lilikuwa kanisani, na urefu wake ni uleule. Sikulifikiria hata mara moja. Nilikuwa nafikiria vishimo.

Kisha wote kwa pamoja wakaligeukia gari. Wakaitazama kamba ya nguo. Wakalitazama gari tena.

Edelmira ndiye aliyesema kwanza. Akauliza kama linatembea. Ligia akajibu kutoka jikoni kwamba kutembea linatembea, tatizo ni aibu.

Rangi haijakauka. Kesho asubuhi haitakuwa imekauka. Na bila vioo vya pembeni sioni kitu nyuma, jukwaa likishawekwa. Nikawaambia hivyo. Ovidio akazungusha kofia yake mkononi, akasema, "Mimi nitakuwa vioo vyako, Mwalimu. Nitatembea kando."

Jumapili, 16 Julai

Msafara umekwisha. Mguu wa kushoto bado unauma kwa klachi.

Walilifunika kwa maua na matawi ya mitende kadiri walivyoweza, lakini mbele hapakufunikika. Feni ingekula maua. Kwa hiyo Bikira wa Karmeli ametembea mjini mwetu leo juu ya gari lisilo na bampa, lisilo na madigadi, taa zimefungwa kwa utepe wa kahawia. Nyuma yake mabasi, malori, teksi, matrekta, honi zote kwa pamoja. Padri Fabián juu ya lori la Ovidio akichovya ufagio kwenye pipa la maji ya baraka na kutumwagia sisi sote bila huruma.

Ovidio alitembea ubavuni kwangu njia nzima, mkono juu ya mlango wangu. Jua la adhuhuri. Angeweza kuwa kwenye kiyoyozi chake. Kulia kidogo, Mwalimu. Kuna mtoto. Simama. Haya, twende. Kwenye mteremko wa daraja alirudi nyuma kuliangalia jukwaa kisha akanikimbilia tena, akihema. Kulikuwa na bibi kizee aliyetoka na kiti chake mpaka katikati ya barabara ili amwone Bikira kwa karibu. Ovidio alimbeba na kiti chake, akamrudisha kando, akamwomba radhi.

Mimi nilikuwa nazitazama nyuso. Nilitaka kuona nani ataanza kucheka. Niliendelea kuzitazama hadi mwisho wa barabara ya kinu. Hakuna aliyelitazama gari. Wote walitazama juu.

Tulipofika kanisani Ovidio aliegemea mlango, hana sauti tena. Akaniambia kitu. Ametii, akasema, gari lake limekaa juani wiki nzima, na plastiki zimekomaa vizuri, hata mwenyewe anaona tofauti. Akanishukuru kwa mara ya pili.

Nilizima injini. Nikamwambia sasa inatosha, anaweza kulirudisha kivulini.

Ligia alikuwa karibu akasikia. Alinipa glasi ya maji ya sukari guru na ndimu, akanifuta shingo. Nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka.

Jumatano, 19 Julai

Plastiki zimerudi mahali pake. Niliosha gari jana na rangi ya kopo ikaanza kutoka kwa maganda mapana, kama ngozi ya mtu aliyebabuliwa na jua la baharini. Si kitu. Nimesoma mahali kwamba ganda la ndizi, likisuguliwa upande wa ndani, lina faida. Ligia ameficha ndizi.

Jioni kikao cha tathmini. Kahawa ileile. Wamenipigia makofi, nami nikasimama kuwaeleza kwa kifupi jinsi mzigo unavyogawanyika kati ya ekseli mbili. Waliketi wote mpaka karibu na mwisho.

Kisha Ovidio akaomba neno. Akasema yaliyotokea yametufundisha. Si haki Bikira amtegemee mzee mmoja na gari moja. Jukwaa likatwe, lifupishwe, liingie gari lolote la mji huu, na kila mwaka awe dereva mpya. Akasema mwaka kesho mimi niketi mbele kwenye gari lake, karibu naye, kama mgeni wa heshima. Nipumzike. Edelmira akajipangusa macho. Wakapitisha wote.

Ni pendekezo zuri. Ni la ukarimu. Nililitafakari kwa dakika nzima.

Ikabaki kazi ya vipimo vya kumpelekea mchomeleaji. Kamati ikasema kazi hiyo ya hesabu apewe Mwalimu. Nikakubali kwa unyenyekevu. Tulitoka palepale, Ovidio akanishikia upande mmoja wa utepe, nikapima bodi la pikapu yake mara mbili, kama inavyotakiwa, kwa sababu kipimo kimoja ni maoni tu. Sasa nimeketi mezani nikiandika vipimo kwa mwandiko safi. Nimeviongeza kidogo. Lazima mtu azingatie kwamba chuma hutanuka kwenye joto. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza analijua hilo, isipokuwa Ovidio. Nimeongeza shubiri nzima.

Ligia amechungulia juu ya bega langu na kuuliza kama kweli chuma hutanuka shubiri nzima. Nimemwambia inategemea chuma chenyewe kinakwenda kwenye gari la nani.